Uzi: Mtoto anasusa chakula? Tuangalie saa, chai na sahani kabla ya kununua dawa ya hamu ya kula (Tanga na jirani zake)

#1 Kinu_na_Mchi (mleta uzi)

Wadau wa Tanga mjini, Pangani, Muheza na Korogwe, salaam. Kila baada ya siku chache linarudi swali lile lile: "mtoto hali, nifanyeje?" Na majibu ni yale yale: dawa ya hamu ya kula, vitamini za chupa, halafu mtu anashusha mithali ya samaki mkunje angali mbichi. Mithali nzuri, ila samaki hakunjwi kwa kubanwa pua ili afungue mdomo. Uzi huu uwe wa vitu vinavyopimika: saa, kijiko, sahani, sufuria. Naanza na watoto wa mwaka 1 hadi 6, maana kelele nyingi ziko hapo.

Mtoto kupunguza kula baada ya kutimiza mwaka ni jambo la kawaida. Aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha kilo 9 hivi akitimiza mwaka, yaani mara tatu. Kuanzia miaka 2 hadi 5 anaongeza kilo 2 tu au kidogo zaidi kwa mwaka mzima. Fundi akipunguza kasi ya kujenga, haagizi tofali zile zile. Anayeendelea kumpakulia kwa kipimo cha zamani ataona sahani inabaki, aseme "hali". Hakimu awe kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ukipanda sambamba na ile iliyochorwa kwenye kadi, mtoto anakula kinachomtosha. Ukilala miezi miwili mfululizo au ukishuka, mpeleke kituoni, usisubiri uzi wa jukwaani.

Kazi za mezani zigawanywe. Mkubwa anaamua kipikwe nini, kiliwe saa ngapi, kiliwe wapi. Mtoto anaamua ale kiasi gani, au asile. Nyumba nyingi zimegeuza: mtoto ndiye anachagua kipikwe nini (chipsi, tambi, chipsi), mkubwa ndiye anahesabu matonge, "hili la babu, hili la bibi". Mtoto anayelazimishwa hujifunza mambo mawili, kuficha tonge shavuni na kuichukia meza.

Sasa saa. Tumbo la mtoto wa miaka 3 ni dogo, linahitaji kujazwa mara tano kwa siku, na katikati liachwe litupu kiasi cha saa mbili na nusu hadi tatu ili njaa ije. Ratiba inayofaa nyumba ya kawaida hapa kwetu: saa 1 asubuhi, saa 4 kitafunwa, saa 7 mchana, saa 10 kitafunwa, saa 1 usiku. Katikati ni maji tu. Siyo biskuti, siyo juisi, siyo "kionjo" cha andazi. Mlo usizidi dakika 30. Zikiisha, sahani iondolewe bila hotuba, na asipewe mbadala mpaka saa inayofuata. Hatakufa njaa kati ya saa 7 na saa 10.

Kiasi cha kuanzia: kijiko kimoja cha mezani kwa kila mwaka wa umri, kwa kila kilichopikwa. Wa miaka 3 ni vijiko 3 vya wali, 3 vya maharage, 3 vya mchicha. Akimaliza na kutaka zaidi, aongezewe. Sahani iliyojaa kilima humtisha mtoto kabla hajaonja.

Karibuni muongeze, na mnikosoe.

#2 Waja_Leo

Uzi mzuri mkuu. Ila hiyo saa 1 asubuhi hujasema mtoto anakula nini. Tanga hii chai na andazi ni kama sheria. Mtu atasema "amekunywa chai" akimaanisha amekula.

#3 Lishe_Mtaani

Waja_Leo umegusa kwenyewe. Nikae hapo kidogo, maana nyumba nyingi za pwani zinaharibikiwa kwenye kikombe cha chai kabla hata hazijafika kwenye mchicha.

Hesabu sukari kwanza. Kijiko cha chai kilichojaa kina gramu 5 hivi. Kikombe cha mtoto kikitiwa vijiko vitatu ni gramu 15. Asubuhi kimoja, jioni kimoja, tayari gramu 30 na andazi hujalihesabu. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5. Kwa mtoto wa miaka 4 anayehitaji kalori kama 1,300, asilimia 10 ni gramu 32 na asilimia 5 ni gramu 16. Vikombe viwili vimemaliza posho yote ya siku. Soda ndogo ya chupa moja ina gramu 35 au zaidi, hiyo peke yake imepita mpaka. Aliye chini ya miaka 2 asiongezewe sukari kabisa.

Tatizo la pili ni chai yenyewe. Majani ya chai yana kemikali zinazoshikana na madini ya chuma yaliyo kwenye mboga, maharage na nafaka, yakapita tumboni bila kufyonzwa. Mtoto anaweza kula maharage na matembele kila siku akabaki na upungufu wa damu kwa sababu kila mlo unasindikizwa na chai ya rangi. Chai ya maziwa haiponi hapo, majani ni yale yale.

Halafu kuna kushiba kwa uongo. Kikombe kikubwa saa 12 asubuhi, kingine saa 4, na saa 7 mtoto anaangalia wali kama adhabu.

Suluhisho lisiwe la ghafla. Mtoto aliyezoea vijiko vitatu, wiki ya kwanza tia viwili na nusu, ya pili viwili, ya tatu kimoja na nusu, endelea hivyo. Ulimi huzoea. Tumia mdalasini, iliki, mchaichai au tangawizi kidogo kwenye maziwa au maji moto bila majani ya chai: harufu ni ile ile ya chai ya nyumbani, na mtoto hajui kilichoondolewa. Wakubwa wakitaka chai yao ya rangi, wainywe, ila ya mtoto ikae mbali na mlo kwa saa moja au zaidi, na ikiwezekana isiwepo.

Kwa saa 1 asubuhi: uji mzito wenye maziwa au karanga, au kiazi kitamu cha kuchemsha na yai, au mbaazi za nazi na nusu ya mahamri. Angalia hiyo ya mwisho: mbaazi ndizo nyingi, mahamri ndiyo machache. Wengi tunapakua kinyume.

#4 Ngalawa

Nakazia hapo kwenye mbaazi. Ziloweke usiku kucha, maji ya kulowekea yamwage, chemsha kwa maji mapya hadi ziive kabisa, tui jepesi kwanza, tui zito mwisho. Kuloweka na kumwaga kunapunguza gesi tumboni, na pia vitu vinavyozuia madini kufyonzwa. Mtoto anayelia tumbo baada ya mbaazi mara nyingi kalishwa mbaazi ngumu zilizopikwa kwa haraka.

#5 Mama_Majani_Mapana

Swali kwa Lishe_Mtaani. Mtoto wa miaka 2 na nusu anakunywa maziwa kwa wingi, chakula kigumu hataki. Wazee wanasema mwacheni, maziwa ni chakula. Tanga maziwa tunayo, hata mtindi hauadimiki. Ni sahihi?

#6 Lishe_Mtaani

Shikamoo zao wazee, lakini hapana, dada. Maziwa ni chakula kizuri ila hayana madini ya chuma ya kutosha, na yakizidi yanakaa mahali pa chakula chenye hayo madini. Mwisho wa siku iwe vikombe viwili, yaani nusu lita hivi. Ukiona anakunywa lita nzima, usishangae akiwa mweupe wa viganja na midomo, mchovu, na choo kigumu. Choo kigumu nacho kinaua hamu ya kula, halafu mnamwongezea maziwa kwa sababu "hali". Duara hilo.

Ondoa chupa, tumia kikombe. Mpe maziwa baada ya mlo au kama kitafunwa cha saa 10, siyo kabla. Mtindi usio na sukari, ponda ndizi au embe ndani yake. Papai asubuhi kwa siku kadhaa na maji ya kutosha vinarekebisha choo mara nyingi. Na kwa aliye chini ya mwaka, maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya ya mama.

Akiwa anakula udongo au mchele mbichi, usimpige. Ni dalili inayokwenda pamoja na upungufu wa damu, akapimwe damu. Na ukumbuke matone ya vitamini A kila miezi sita kwa wa miezi 6 hadi 59, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1. Hutolewa kwa kampeni mwezi Juni na Desemba. Mtoto mwenye minyoo hata umpikie pilau hatanenepa.

#7 Fungu_la_Mboga

Kuna kitu hakuna aliyekitaja: sinia. Kula pamoja ni jambo jema na ndivyo mtoto anavyojifunza, lakini mtoto wa miaka 2 akikaa sinia moja na kaka zake wa miaka 8 na 10, wao wanamega tonge la kwanza yeye bado analitazama. Kitoweo kinaisha upande wake akiwa na wali mtupu. Mama anaona sinia limekwisha, anaamini wote wamekula.

Mpe bakuli lake, mweke pale pale mkekani na wenzake. Bakuli lenye kuta, siyo sahani bapa, chakula kinakimbia akikifuata kwa kijiko. Pakua kitoweo chake kabla ya kupakua sinia. Hapo utajua hasa kala vijiko vingapi. Akifika miaka 5 au 6 na kasi yake ikawa sawa na wengine, arudi sininia... sinini, samahani, kidole kimeteleza. Arudi kwenye sinia.

Na simu iwe mbali. Mtoto anayelishwa huku anatazama katuni anameza tu, hajui ameshiba wala hajui amekula nini. Siku simu ikizima chaji, mdomo nao unafungwa.

#8 Waja_Leo

Hahaa sininia. Sasa twende kwenye jambo lenyewe: mboga za majani. Anatema. Kila siku anatema.

#9 Bi_Mchunga

Kutema siyo kukataa, ni kuonja. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi huogopa chakula kipya, ni maumbile. Chakula kipya kinahitaji kuonekana na kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla hakijawa rafiki, na wengi tunakata tamaa mara ya tatu. Weka kijiko kimoja kidogo cha mboga pembeni ya kitu anachokipenda, usiseme lolote, usimsifu kupita kiasi, usimzomee akiacha. Kesho kutwa weka tena. Wewe mwenyewe uile mbele yake. Baba anayesukuma mchicha pembeni ya sahani amefundisha somo lote kwa mkono mmoja.

Usimpe biskuti kama zawadi ya kumaliza mboga. Ukifanya hivyo umemwambia mboga ni mbaya na biskuti ndiyo ya thamani.

Mengine ni makosa ya mpishi, tusimsingizie mtoto. Mchicha wenye mchanga: hata mtu mzima anatema. Chambua, osha mzima mzima kwenye beseni la maji mengi mara tatu, uinue majani kutoka majini badala ya kumwaga maji juu yake (mchanga umetulia chini, ukimwaga unaurudisha), ndipo ukate. Ukikata kabla ya kuosha, vitamini zinakwenda na maji. Mchicha laini, usiokomaa, dakika 5 hadi 7 zinatosha. Ukichemka mpaka ukawa wa kahawia unanuka na unateleza vibaya.

Kitunguu kimoja, nyanya mbili, mafungu mawili ya mchicha, nusu kikombe cha tui zito mwishoni, moto mdogo, koroga lisikatike. Mafuta ya tui yanasaidia mwili kuchukua vitamini A iliyo kwenye majani, kwa hiyo mboga ya "kuchemsha tu kwa afya" siyo bora kwa mtoto kuliko ya nazi kidogo.

Ukali wa mboga upande kama ngazi. Anza na mchicha na majani ya maboga, kisha matembele, kisha kunde. Mchunga uje mwisho kabisa, na uchanganye sehemu moja ya mchunga na tatu za mchicha. Ukianza na mchunga umejitakia.

Kisamvu nacho kina sheria yake. Twanga hadi kilainike kabisa, chemsha bila mfuniko nusu saa au zaidi, ndipo utie nazi. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi inayotoka na mvuke baada ya kutwangwa. Ukifunika sufuria unairudisha ndani. Wanaopika kisamvu cha majani yaliyokatwakatwa kwa kisu na kuchemka dakika kumi waache, hasa kama kuna watoto mezani.

Ndimu: kamulia mezani, siyo jikoni. Vitamini C husaidia kufyonza chuma cha mboga na maharage, lakini moto huiua. Au umpe chungwa la Muheza baada ya mlo, mtoto ale nyama zake na siyo kukamuliwa juisi.

#10 Mtwangio

Bi_Mchunga yote sawa, ila mimi naona kumbembeleza mara 15 ni kazi. Saga karoti na mchicha ndani ya mchuzi, ndani ya chapati, ndani ya kachori, hajui. Tatizo limeisha.

#11 Bi_Mchunga

Kaka, kusaga ndani ya mchuzi sina ugomvi nako, ni mapishi. Kwenye chapati kiasi ni kidogo mno: unga nusu kilo na karoti moja ya Lushoto, chapati kumi, kila chapati ina sehemu ya kumi ya karoti. Umepaka rangi. Na siku akigundua, anaanza kuichunguza kila chapati kama askari wa kizuizi cha barabarani. Ficha ukitaka, lakini mboga inayoonekana iwepo pia kwenye sahani hiyo hiyo, maana lengo ni aijue.

#12 Mtwangio

Sehemu ya kumi ya karoti... sawa, hapo umenipata.

#13 Mama_Majani_Mapana

Uji wa lishe jamani. Unga wa nafaka saba, mwingine kumi, wanaongeza soya, karanga, dagaa, mbegu za maboga. Ndio mzuri zaidi?

#14 Kinu_na_Mchi (mleta uzi)

Hapana, na hili linawagharimu watu hela bure. Mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele ni jamaa moja. Ukichanganya vitano hupati mara tano ya kitu, unapata nafaka. Chagua moja, ulezi au mahindi ya dona, utosheke. Kinachokosekana kwenye nafaka kitie wakati wa kupika: maziwa, karanga, yai au unga wa dagaa.

Karanga zikisagwa pamoja na unga na kukaa wiki mbili kwenye joto na unyevu wa hapa Tanga, mafuta yake yanachacha, uji unakuwa mchungu, mtoto anakataa, na wewe unasema hapendi uji. Kibaya zaidi ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na fangasi wa ukungu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na karanga hushambuliwa na fangasi hao hao. Kuchemsha wala kukaanga hakuiondoi. Chambua karanga moja moja kabla ya kusaga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zilizovunjika tupa, usiwape hata kuku. Saga kidogo kidogo, za siku tatu nne.

Soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kumeng'enya protini. Lazima ichemshwe nusu saa, imenywe maganda, ikaushwe ndipo isagwe. Wasagaji wengi wanaiweka mbichi, na matokeo ni mtoto kuharisha.

Kipimo: maji nusu lita, unga wa ulezi vijiko 5 vya mezani vilivyojaa. Unga ukorogwe na maji baridi kwanza, umimine kwenye yanayochemka, upike dakika 15 hadi 20 huku unakoroga. Kisha kijiko kimoja cha mezani cha karanga zilizosagwa, au nusu kikombe cha maziwa. Inua kijiko: uji unatakiwa ukae juu yake, ushuke polepole. Ukichuruzika kama chai, umemjaza mtoto maji. Uji mwepesi ndio unaodhoofisha watoto wa miezi 7, 8 huku mama akiapa kwamba anakula bakuli zima.

Kwa hao wachanga, kuanzia miezi 6 kamili: vijiko 2 au 3 mara mbili kwa siku, upande taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250 mara 2 hadi 3. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara 3 au 4. Mwaka hadi miaka 2, robo tatu hadi kikombe kizima, mara 3 au 4, na kitafunwa kimoja au viwili. Ziwa la mama liendelee mpaka miaka 2 au zaidi. Asali isiguswe kabla ya mwaka mmoja, hata ya kulamba kidoleni.

#15 Uono_Mkavu

Unga wa dagaa umetajwa bila maelezo, na ndiyo njia rahisi kuliko zote hapa kwetu. Nieleze, maana wengi wanaukosea kisha mtoto anauchukia.

Nunua uono au dagaa waliokaushwa juu ya chanja, siyo mchangani. Wang'ae fedha, wakiwa wekundu wekundu na harufu kali ya mafuta, wameshachacha. Toa kichwa na tumbo, hapo ndipo penye uchungu na mchanga. Osha haraka kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu, usiloweke. Anika tena juani chini ya chandarua mpaka wakauke. Kaanga bila mafuta, moto mdogo, dakika 5 hadi 7, ukikunja mmoja avunjike kwa mlio. Acha wapoe kabisa. Twanga, chekecha, hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Kijiko kimoja cha chai kwenye bakuli la mtoto, dakika tano kabla hujaepua uji, mchuzi au mlenda. Anza na nusu kijiko. Ladha ikimshtua siku ya kwanza umempoteza kwa mwezi.

Dagaa wengi wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo chakula chake usikitie chumvi nyingine. Vidonge vya mchuzi navyo ni chumvi. Toa sehemu ya mtoto sufuriani kwanza, ndipo uwatilie wakubwa.

Kwa samaki mbichi, ukienda soko la samaki la Deep Sea asubuhi chukua kipande cha nguru kwa ajili ya mdogo, miiba yake ni mikubwa na inaonekana. Kibua kitamu lakini kina vijimiba. Usichambue kwa uma, papasa kwa vidole, kipande baada ya kipande.

#16 Fungu_la_Mboga

Na tuseme vya kukaba, maana vinauzwa kila kona. Karanga nzima, zambarau na kokwa yake, kashata ngumu na ubuyu wa kumung'unya visiwe vya mtoto chini ya miaka 5. Ubuyu hasa. Mtoto anamung'unya huku anakimbia, kokwa inateleza kooni. Kula ni kukaa.

#17 Waja_Leo

Wa shule je? Anapewa shilingi 500, anarudi na ulimi mwekundu wa barafu za rangi na hataki cha mchana.

#18 Lishe_Mtaani

Punguza hela, mpe kopo. Kiazi lishe cha kuchemsha (kile cha rangi ya chungwa ndani, kina vitamini A), muhogo wa kuchemsha na kipande cha nazi, yai, ndizi mbivu, chungwa lililomenywa. Yai libaki na ganda lake, alimenye mwenyewe. Lililomenywa asubuhi ndani ya kopo la moto saa 4 linanuka na wenzake watamcheka. Usifungashe kilichotiwa tui kikae mpaka saa 6 mchana kwa joto hili, kinachacha.

Hela usiikate yote siku moja. Siku tatu kopo, siku mbili hela, na mkubaliane anunue nini. Mtoto aliyenyimwa kabisa huomba ya wenzake.

#19 Mama_Majani_Mapana

Mwezi wa Ramadhani utaratibu wote unavurugika. Kaimati, tambi za sukari, juisi, watoto wasiofunga wanakula tangu alasiri.

#20 Ngalawa

Kwa wasiofunga ratiba ya saa 7 na saa 10 ibaki, hata kama jiko limelala. Pika chakula chao mapema. Futari wakae na wengine lakini mlolongo uwe huu: maji na tende moja iliyotolewa kokwa, kisha futari ya chumvi (muhogo wa nazi, magimbi, kunde, samaki), kaimati mbili mwisho. Ukitanguliza kaimati, muhogo haugusiki. Juisi ya wa mwaka 1 hadi 3 isizidi nusu kikombe kwa siku nzima, chini ya mwaka hapana kabisa.

#21 Mtwangio

Mnasahau bibi. Ratiba yote hii, bibi yuko barazani na andazi mfukoni.

#22 Kinu_na_Mchi (mleta uzi)

Bibi hashindwi kwa ubishi. Mpe kazi: saa 10 ni yake. Yeye ndiye anampa kitafunwa, na wewe ndiye unayekiandaa. Papai, mtindi, kiazi. Akitoa yeye, mtoto anakula kwa furaha kuliko ukitoa wewe, na andazi linakosa nafasi. Majirani waambie kwa adabu, "asante, ameshakula, mtunzie mpaka saa 10." Dada wa nyumbani naye aonyeshwe bakuli na kijiko chenyewe, siyo kuambiwa "mlishe vizuri". Vizuri ya kwake inaweza kuwa kumlaza na kummiminia.

#23 Mama_Majani_Mapana

Nashukuru wote. La mwisho kwa Uono_Mkavu: unga wa dagaa unakaa muda gani?

#24 Uono_Mkavu

Kwa unyevu wa Tanga, wiki mbili, dada. Masika punguza iwe wiki moja. Kijiko kiwe kikavu kila unapochota, usichote juu ya sufuria inayotoa mvuke. Ukishikana mabonge au harufu ikageuka, mwaga, twanga mwingine.